Askari wa miguu na wapanda farasi (Karagwe)

Katika michezo ya kompyuta ya vita vya kale, kama Age of Empires II, mpanda farasi ni ghali, ana kasi, na huwasambaratisha wapiga mishale. Dawa yake ni mkuki, silaha ya bei nafuu. Hesabu hiyo haikuwa na kazi katika ufalme wa Karagwe, ambao eneo lake leo limo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Huko vita vilipiganwa kwa miguu. Mbung'o wa mabonde ya mto Kagera hueneza nagana, ugonjwa unaomuua farasi upesi. Ng'ombe wa pembe ndefu walijaa milimani, lakini walikuwa mali na heshima, si vipando vya vita.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyepokewa na Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, naye alifika kwa miguu na msafara wa wapagazi. Aliandika kwamba Rumanyika alimshinda nduguye Rogero kwa msaada wa bunduki za wafanyabiashara wa Tabora. Bunduki, basi, ndiyo iliyogeuza mizani.

Zaidi ya karne moja baadaye kasi ilifika kwa sura ya kifaru. Katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, Machi 1979, safu ya Walibya wenye vifaru, washirika wa Uganda, iliwarudisha nyuma Watanzania pale Lukaya, Uganda. Brigedi ya 208 ya JWTZ, jeshi la Tanzania, ikazunguka kwa miguu usiku na kuwakatia Walibya njia ya Kampala. Mji huo ulitekwa tarehe 11 Aprili 1979.