Nyota Iliyochongwa

Mwaka 2009 ukiisha, mto Mkondoa ulifurika Kilosa, watu maelfu wakakosa makazi. Nyumba yetu ilikwenda. Mvua ilipokata usiku, hapakuwa na taa hata moja, na mbinguni nyota zimejaa, we acha tu. Asubuhi niliokota ubao wa mlango matopeni, nikahamia nao Mikumi kwa mjomba. Watu walicheka.

Miaka ilipita ndipo nikasoma habari za Wajapani. Zamani kwao picha ya ubao ilipita mikono mingi: mchapishaji alitoa fedha, mmoja akachora, mwingine akachonga, mwingine akapiga chapa. Mwaka 1904 kijana Yamamoto Kanae akafanya yote peke yake, picha ya mvuvi. Ilitoka katika Myojo, jarida la washairi. Maana yake nyota ya alfajiri.

Mwaka 1914 vijana watatu, Onchi Koshiro, Tanaka Kyokichi na Fujimori Shizuo, wakaanza jarida lao, Tsukuhae, yaani mwanga wa mwezi. Nakala 200 tu! Tanaka alikuwa na kifua kikuu. Akafa 1915, miaka 23. Mwaka huohuo Onchi akachapa picha isiyo na mtu wala mti, rangi na maumbo tu. Inahesabiwa kati ya za kwanza za namna hiyo Japani.

Baadaye akaja Iwami Reika, aliyeishi 1927 hadi 2020. Huyu aliokota mbao zilizoletwa na maji! Akazipaka wino, akakandamiza karatasi, mistari ya mti ikawa mawimbi, mwezi akauwekea karatasi ya dhahabu. Hapo nikaukumbuka ubao wangu.

Nikauchonga. Kumbe nyota haichorwi, inatobolewa: unapoondoa mbao wino haufiki, na hapo ndipo panapong'aa. Nilimpelekea bibi Kilosa. Akaitazama weee, kisha akauliza:

"Sasa nyumba iko wapi, mjukuu wangu?"

"Ilikwenda na maji, bibi. Hii ndiyo iliyobaki."

Akaitundika ukutani.

Vijana wenzangu, tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki. Wale watatu walikuwa na mbao, wino na nakala 200, na mmoja wao alikuwa anakufa. Sisi tunangoja nini?