Jenerali Aliyekataa Jeneza

Francis Omondi Ogolla alijiunga na jeshi la Kenya tarehe 24 Aprili 1984, akiwa na umri wa miaka 22. Haukuwa wakati mzuri kwa kijana wa Kiluo kutaka urubani wa kijeshi. Alfajiri ya Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga walikuwa wamejaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi, na kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mluo tena askari wa cheo cha chini. Jaribio halikumaliza hata siku moja. Jeshi la Anga likavunjwa, likaundwa upya kwa jina la Jeshi la Anga la '82 na kuwekwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Jina lake la zamani halikurudi hadi 1994. Ochuka alinyongwa katika gereza la Kamiti mwaka 1987.

Katika jeshi hilo lililokuwa likitazamwa kwa jicho la pembeni ndimo Ogolla alimotunukiwa cheo cha Luteni Usu, Mei 1985. Alipelekwa Marekani kufunzwa kuruka ndege za kivita, akarudi na kuwa mkufunzi wa marubani wenzake. Akasomea pia uchambuzi wa picha za kijasusi, kupambana na ugaidi, na uchunguzi wa ajali za ndege. Alisoma École Militaire ya Paris, na darasani hakuacha kurudi hata alipokuwa na nyota za kutosha mabegani. Chuo Kikuu cha Egerton na kile cha Nairobi vyote vilimpa vyeti. Julai 2018 akawa kamanda wa Jeshi la Anga, kisha Naibu Mkuu wa Majeshi.

Jina lake lilitoka kambini likaingia vibarazani mwaka 2022. Kura za urais zilipokuwa zikijumlishwa katika ukumbi wa Bomas, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, alimtaja katika hati ya kiapo kuwa miongoni mwa maofisa waliofika kumshinikiza asimtangaze William Ruto mshindi. Ruto akaapishwa. Wengi tulidhani Ogolla atafungishwa virago. Badala yake, Aprili 2023 akateuliwa Mkuu wa Majeshi, Mluo wa kwanza kushika wadhifa huo. Rais alieleza hadharani kwamba alishauriwa asimteue, na kwamba alipomuuliza jenerali kuhusu Bomas, jenerali hakujitetea. Maelezo hayo ni ya Rais, na msomaji ana haki ya kuyapima. Jambo moja halina ubishi: mwanajeshi huyo hakuwahi kuitisha waandishi wa habari kusafisha jina lake.

Cheo kile alikishika kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Alhamisi, Aprili 18, 2024, alikuwa Bonde la Ufa kukagua wanajeshi waliopelekwa kupambana na wezi wa mifugo, na shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi hayo. Mchana, helikopta aina ya Huey iliyombeba ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Walifariki watu kumi, wakanusurika wawili. Zilikuwa zimebaki siku sita atimize miaka arobaini kazini. Tisa waliokufa naye hawakupata hata robo ya maandishi aliyopata yeye, na makala hii nayo haitalipa deni hilo.

Nchi ilijiandaa kwa mazishi makubwa. Jambo la Mkuu wa Majeshi kufa akiwa kazini halikuwa limewahi kutokea Kenya. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo. Kisha familia ikasema neno ambalo halikutarajiwa: mzee aliacha wosia azikwe ndani ya saa 72, na asitiwe kwenye jeneza.

Kwa mwenyeji wa Mombasa au Lamu wosia huo si ajabu. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, hubebwa kwa jeneza la msikiti ambalo hurudi kumsubiri mwingine, na mara nyingi jua halizami mara mbili kabla ya maziko. Lakini Ogolla alikuwa Mkristo wa Alego, kaunti ya Siaya, na huko msiba una hesabu zake. Kuna hema na kamati, kuna safari ya kuteremsha mwili kutoka Nairobi kwa msafara wa magari, kuna ng'ombe wa kuchinjwa, kuna tero buru ya kukimbiza mauti kwa mifugo na mikuki. Siku hizi kuna pia jeneza la vioo, fulana zenye picha ya marehemu, na deni ambalo mjane hulikuta limemsubiri hema likishang'olewa. Familia hufanya harambee ya hospitali kwa shida, halafu harambee ya matanga ikajaa. Nimewasikia wazee wa huko wenyewe wakiulalamikia mpango huu, kisha wakaufuata mwanzo hadi mwisho.

Tena Alego hiyo hiyo ndiyo iliyoipa Kenya funzo la sheria juu ya kauli ya marehemu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, Ngong, akisema hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ukakataa: Mluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, mwanafalsafa Odera Oruka akaitwa kutoa ushahidi kuhusu mila, umati ukawa unajaa nje ya mahakama kila kukicha. Ukoo ulishinda. Otieno akazikwa Nyalgunga, Alego, Mei 23, 1987, siku ya 154 tangu afariki. Mkewe hakuhudhuria.

Ndiyo maana nadhani ushujaa wa wiki ile ya Aprili 2024 ulikuwa wa watu wa nyumbani mwake kuliko wa jenerali. Kuacha wosia ni rahisi; aliyeuacha hayupo kusikia maneno ya wajomba. Waliobaki ndio waliolazimika kuiambia serikali, jeshi na ukoo kwamba baba alisema hivi, na itakuwa hivi. Mwanawe alisimama mbele ya waombolezaji kueleza matakwa hayo. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikafanyika ibada ya kijeshi katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, na Jumapili, Aprili 21, mwili ukafikishwa Siaya. Ibada ilikuwa Shule ya Msingi ya Senator Obama, Kogelo. Mwili ulifunikwa bendera ya taifa badala ya kutiwa sandukuni, na jioni ukazikwa kijijini Mor kwa heshima zote za kijeshi. Mtu haachi agizo gumu namna hiyo kwa watu asiowaamini. Miaka arobaini ya amri za jeshini haikuwa na nguvu yoyote pale kaburini. Kilichofanya kazi ni mazungumzo ya mezani kwake, ya mume na mke, ya baba na wanawe, yaliyofanyika mapema na yakakumbukwa vizuri.

Mjadala uliofuata redioni ulikuwa mrefu. Wapo waliosema amewatukana mababu, wapo walioshuku kuwa alisilimu kisirisiri. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 15, 2025, mwanasiasa Raila Odinga alifariki India. Umati uliojitokeza Kasarani, Nyayo na Kisumu haukuwa na mfano, na kama kuna Mluo ambaye angeombolezwa mwezi mzima bila mtu kulalamika, ni yeye. Jumapili ya Oktoba 19 alikuwa ameshazikwa Bondo, kando ya baba yake. Familia ilisema mwenyewe aliagiza azikwe ndani ya saa 72.