KUTAPISHA CHOO DAR: Nani anahudumiwa, nani anaachwa?

Wadau, kwa wale wasiojua, kutapisha choo ni hivi: choo cha shimo kikijaa, mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo, uchafu unatoka na maji kuelekea mtaroni au uani kwa jirani wa bondeni. Tandale, Manzese, Vingunguti, Keko, hii siyo habari mpya.

Wengi wanasema watu wa uswahilini ni wachafu tu. Mimi nakataa. Choo wanacho, shida ni pa kupeleka kilichomo. Mabomba ya majitaka yamejengwa kwa fedha za umma, lakini hayajafika hata robo ya jiji. Masaki nako nyumba nyingi zina makaro, ila kule gari la kunyonya linasimama getini, dakika chache kazi imekwisha. Uchochoroni Tandale gari halipiti. Hata mpira ukifika, tope la shimo ni zito, lina matambara na chupa, halinyonyeki.

Ndo hapo wanaitwa "vyura". Hawa jamaa wanachimba shimo jipya pembeni, wanamwaga mafuta ya taa kupunguza harufu, kisha mmoja anaingia ndani na ndoo. Mara nyingi bila buti wala glavu, jamani! Na wapangaji ndio wanachangishana, wakati mwenye nyumba pengine anaishi mtaa mwingine kabisa. Ukipiga hesabu hiyo, mvua inaonekana ni ya bure.

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikaenea karibu mikoa yote ya bara.

Njia nyingine ipo. Tangu miaka ya 2000 kuna pampu ya mkono inaitwa Gulper, ilijaribiwa Temeke. Tope linavutwa hadi kwenye mapipa, yanabebwa na pikipiki ya miguu mitatu. Inapita uchochoroni bila taabu, kinachoikwamisha ni umbali. Kupeleka mapipa machache mpaka mabwawa ya Vingunguti, na foleni zetu hizi, mafuta na muda vyote vinaingia kwenye bei ya mteja. Kwa hiyo pesa ya serikali ianzie hapo: mitambo midogo ya kutibu tope karibu na mitaa, na vyura wapewe leseni, buti na chanjo badala ya kufanya kazi usiku kwa kujificha.