Usimuulize Mtu Matumizi Yake Endelevu

Mwulize mama mwenye nyumba Temeke kuhusu matumizi yake, atakutajia shilingi. Kwake matumizi ni ile hela inayoachwa mezani asubuhi, ambayo ikikosekana jioni kuna maneno. Ongeza hapo "endelevu", naye atasikia matumizi yasiyokoma, jambo ambalo tayari analijua na halimfurahishi. Hata bungeni neno hilo lina wenyewe: kila Juni bajeti husomwa ikiwa imegawanywa katika matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, na kutoka "ya maendeleo" hadi "endelevu" ni hatua fupi kwa mtu anayesikiliza redio huku akigeuza vitumbua.

Istilahi yenyewe ina nia nyingine kabisa. Mkutano uliofanyika Oslo mwaka 1994 uliifasili hivi, kwa muhtasari: watu watumie bidhaa na huduma zinazokidhi mahitaji ya msingi na kuboresha maisha, huku malighafi, sumu, taka na uchafuzi vikipunguzwa tangu kitu kinapotengenezwa hadi kinapotupwa, ili vizazi vijavyo visinyimwe chao. Miaka miwili kabla ya hapo, huko Rio, sura ya nne ya Ajenda 21 ilikuwa imeshasema waziwazi kwamba namna watu wanavyotumia mali za dunia, hasa katika nchi tajiri, ni sehemu ya tatizo. Mwaka 2015 dhana hiyo ikapewa namba: Lengo la 12 kati ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu.

Kwa maoni yangu "matumizi endelevu" ni tafsiri nzuri, na sina haja ya kuibadilisha. Ninachogombana nacho ni mazoea ya kuitoa kwenye sera na kuipeleka moja kwa moja kwenye dodoso. Lakini kwanza tuimalize kesi ya zamani, ya mlaji na mtumiaji.

Nchini Tanzania, kwenye biashara ya bidhaa, aliyekubalika ni mlaji. Tume ya Ushindani inamlinda mlaji, na kodi ikipanda anayeumia ni mlaji wa mwisho. Kwenye huduma jina hubadilika: baraza linalowasemea wateja wa nishati na maji ni la watumiaji, na la mawasiliano vivyo hivyo. LUKU nayo ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ingawa mwenye nyumba akiona uniti zinayeyuka hasemi friji inatumia umeme sana. Anasema inakula umeme. Kula kwa Kiswahili ni kumaliza: gari linakula mafuta, ujenzi unakula hela. Kwa hiyo "ulaji" ulikuwa karibu sana na maana ya wanauchumi, kwamba kitu kimemfikia mtu wa mwisho na safari yake imeishia hapo.

Bahati mbaya wanasiasa waliuwahi. Aliyeteuliwa kwenye cheo chenye marupurupu "amepata ulaji", na sioni waziri atakayesimama kutangaza mkakati wa taifa wa ulaji endelevu ukumbi usiangue kicheko. Wataalamu wa lishe nao wamelichukua neno hilo kwa maana ya sahani. Mzaha kando, ipo sababu nzito zaidi ya kuliacha: kilicholiwa hakirudi, ila kilichotumika huenda kikatumika tena. Kikapu cha ukili kinatumika. Nguo inatumika, ikawafaa wadogo, ikaishia kuwa dekio, na kote huko bado inatumika. Sehemu kubwa ya dhana hii imejengwa juu ya tofauti hiyo, na kitenzi "tumia" kinaibeba bila msaada wa mtu. Mtumiaji ameshinda kesi kwa haki.

"Endelevu" ina tatizo la aina nyingine. Umbo lake ni la nyumbani: sikia ikatoa sikivu, tulia ikatoa tulivu, vumilia ikatoa vumilivu, endelea ikatoa endelevu. Maneno ya ukoo huu hueleza hulka. Mtu aliyesikia mara moja hatumwiti msikivu. Basi kitu endelevu ni chenye hulka ya kuendelea, na swali linalofuata ni: kinachoendelea ni nini? Katika "maendeleo endelevu" hakuna utata, kwani tunataka maendeleo yaendelee. Katika "matumizi endelevu" sarufi inasema yanayoendelea ni matumizi, wakati dhana inasema kinachopaswa kuendelea ni msitu, maji, udongo na samaki. Ndiyo maana ninapolazimika kueleza kwa kauli moja husema "matumizi yasiyomaliza chanzo". Ni ndefu mno kuwa istilahi, lakini kama maelezo inafaa, na mvuvi wa Kilwa anaielewa kabla hujamaliza kuitamka.

Sasa dodoso. Wanaochunguza mienendo ya wanunuzi wamejua kwa miaka mingi kwamba majibu ya watu na matendo yao havilingani, na kwamba kutolingana huko hakutokani na uongo peke yake. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, mwanaakiolojia William Rathje alianza kuchambua taka za majumbani kwa mbinu zile zile za kuchambua magofu. Makopo ya bia yaliyokutwa kwenye mapipa yalizidi bia ambazo watu walisema wanakunywa. La ajabu zaidi lilikuwa nyama ya ng'ombe. Mwaka huo nyama iliadimika Marekani, na mtu angetarajia kila kipande kithaminiwe. Mapipa yakaonyesha kwamba wakati wa uhaba ndipo nyama nyingi zaidi ilipotupwa. Maelezo ya Rathje na wenzake ni kwamba watu walinunua kwa hofu, wakarundika, wakachukua na sehemu wasizozoea kupika, zikaharibika. Hakuna aliyekuwa na nia ya kupoteza. Ungewauliza, wangekuambia wanabana.

Mfano wa pili uko hapa hapa. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti walipita katika wilaya saba za Tanzania, katika kaya zipatazo 4,000, wakipima matumizi kwa namna nane tofauti zilizogawanywa kwa kaya bila upendeleo. Baadhi waliulizwa wakumbuke siku saba zilizopita, wengine siku kumi na nne. Wengine walisomewa orodha ya vyakula 58, wengine orodha fupi ya 17. Wengine walipewa shajara ya kaya nzima, na kundi moja likapewa shajara ya kila mtu mzima peke yake. Kwa kuwa kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu, tofauti yoyote kubwa ya majibu ilitokana na swali. Na tofauti zilikuwa kubwa, kiasi kwamba hesabu ya walio maskini ilipanda na kushuka kwa kutegemea namna watu walivyoulizwa. Shajara ya mtu mmoja mmoja ndiyo iliyochukuliwa kuwa kipimo cha kulinganishia, kwa sababu mkuu wa kaya hajui chai na maandazi ambayo kijana wake amepata stendi, wala mihogo aliyonunua binti akitoka shule.

Yamo humo mafunzo ambayo wapenda mazingira hawajayachukua vya kutosha. Ikiwa chakula tu, kitu kinachoingia mdomoni, kinahesabika vibaya kwa sababu ya umbo la swali, itakuwaje kwa neno kama "endelevu" ambalo mhojiwa analisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mdadisi mwenye kishikwambi na kitambulisho shingoni? Atajibu ndiyo. Adabu inamtaka ajibu ndiyo.

Chukua jiko. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Neno letu limo ndani ya jina la mkakati, na uzito wote wa ile asilimia 80 umeangukia kitenzi "kutumia". Dodoso za kaya kwa kawaida huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia. Mama anajibu gesi, na hadanganyi: mtungi upo, chai ya asubuhi imechemkia hapo. Muulize maharage ya jana yameivia wapi. Yameivia uani, kwenye jiko la mkaa, na mkaa ulinunuliwa kwa kopo, kwa sababu kopo la mkaa linalipika kwa hela ya leo ilhali kujaza mtungi wa kilo sita kunahitaji hela ya wiki nzima mkononi kwa mkupuo. Watafiti wanakujua vizuri kuchanganya huku kwa nishati, na kila nchi iliyogawa mitungi imekutana nako. Kiswahili hakihitaji istilahi mpya hapa. Kinahitaji mdadisi anayetaja sufuria moja moja.

Nina ugomvi mdogo pia na "tabia za walaji", jina lililokaa kwenye vitabu vya biashara. Kwa Mswahili, tabia ni suala la malezi: fulani hana tabia, yule ana tabia njema. Ukimwambia mtu unachunguza tabia zake, umeshamweka kizimbani. "Mazoea" yanafaa zaidi, na kisayansi pia ndiyo sahihi, maana sehemu kubwa ya kununua na kutupa hufanyika bila kufikiri. Bas Verplanken na Deborah Roy walionyesha hilo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha watu 800 mjini Peterborough, Uingereza. Nusu yao walikuwa wamehama nyumba karibuni. Ushauri ule ule wa kubadilisha mienendo uliwaingia zaidi waliohama, na mlango huo ulikuwa wazi kwa takriban miezi mitatu tangu kuhama. Tabia kwa maana yetu haibadilishwi na lori la kuhamisha vyombo, mazoea yanaweza.

Hapo ndipo ninapoona faida ya pambanuo la Paul Stern, aliyeandika mwaka 2000 kwamba mienendo inayogusa mazingira ipimwe kwa njia mbili zisizochanganywa: nia ya mtendaji, na athari ya tendo. Kwetu pambanuo hili linafaa zaidi kuliko kule lilikozaliwa. Anayenunua mafuta ya kupima Kibera au Manzese, na chupa yake ile ile kila jioni, haachi taka ya pakiti. Athari yake ni ndogo, na nia ya mazingira hana hata chembe: hana hela ya dumu. Jirani yake anayenunua sabuni ya unga ya pakiti ndogo kwa sababu hiyo hiyo anaacha taka nyingi, na akipiga hesabu kwa kilo analipa zaidi ya anayenunua mfuko mkubwa. Umaskini mmoja, taka mbili tofauti. Upande wa pili yuko mteja wa duka kubwa aliyeitikia marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sasa anabeba "mfuko mbadala" akijua ameachana na plastiki. Mifuko mingi ya aina hiyo imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki. Akiulizwa, atasema hatumii tena plastiki, na kwa nia yake ni kweli.

Kuna mtego mwingine unaotokana na sisi wenyewe kuisoma istilahi kwa miwani ya kuazima. Fasili ya Oslo inaanza na mahitaji ya msingi. Kwa mpishi wa kuni aliye chini ya Uluguru, matumizi endelevu yanaweza kumaanisha kutumia zaidi: umeme zaidi, gesi zaidi, pampu ya maji. Tafiti nyingi zinazotafsiriwa kwetu zilibuniwa kwa watu waliokwisha kushiba, zikiuliza nani yuko tayari kupunguza. Ile tafiti mashuhuri ya taulo za hoteli, iliyochapishwa na Goldstein na wenzake mwaka 2008, ilikuta kwamba wageni walioambiwa wenzao wengi hurudia taulo walirudia kwa asilimia 44, dhidi ya 35 ya walioombwa tu kuyahurumia mazingira. Matokeo hayo yana maana, hasa kwa jinsi jamaa na majirani wanavyotuvuta kuliko mabango. Ila swali lake ukilileta uswahilini utakuwa unauliza kuhusu taulo ambayo nyumba nzima inachangia.

Kwa wanaosanifu istilahi, kazi iliyobaki ni ya neno jirani. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2022 iliipa nafasi dhana ya mtu kujitosheleza kwa kiasi, bila kuvuka mipaka ya dunia. "Utoshelevu" lingekuwa jibu la haraka, lakini tumeshalitumia kwa utoshelevu wa chakula, yaani ghala kujaa. "Kubana matumizi" ni la serikali na la mwisho wa mwezi. Mimi ningejaribu "ukinaifu", neno la wazee wa pwani kwa hali ya kuridhika na ulichonacho. Hofu yangu ni kwamba mitaani kukinai kumeshuka daraja: kijana akisema amekinai wali, anamaanisha ameuchoka na anataka chipsi.