Hendibreki: bekapu ya zamani kuliko kompyuta

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumzie hendibreki. Hapa Kaaga, Meru, tuko kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Gari likiegeshwa lisishike, anayeumia ni mtoto wa jirani aliye chini.

Mwaka 1896, Ernest Monnington Bowden alipata hataza Uingereza ya waya unaoteleza ndani ya ganda lake. Ni ule ule unaouona kwenye breki za baiskeli. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa akaleta breki ya dramu, ambamo laining hutanuka na kubana dramu kwa ndani. Enzi hizo breki za gari zilivutwa kwa fito na nyaya.

Mwaka 1921 Duesenberg Model A ya Marekani ikaja na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Polepole breki ya mguu ikahamia kwenye mafuta, ya mkono ikabaki na waya. Kwa nini? Sisi waandishi wa programu tunajua: bekapu inayotegemea mfumo ule ule si bekapu. Mafuta yakivuja yote, waya bado unashika.

Tatizo ni kwamba waya hulegea na laining huisha. Raha yake ni kuwa unarekebisha mwenyewe nyumbani. Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma kwa jeki, kisha weka stendi. Anza na laining ndani ya dramu, ndipo ukaze nati ya waya. Kwa Toyota nyingi iko chini ya mkono wenyewe. Ukianza na waya, utaficha laining zilizokwisha. Mkono ukishushwa, gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Ukivutwa, hesabu zile "tik" na ulinganishe na kitabu cha gari.

Mwaka 2001 BMW 7 Series ikaja na hendibreki ya kitufe, inayoendeshwa na mota. Siku hizi magari ya aina hiyo yanaingia Kenya kama mitumba. Katika mengi yake, kubadilisha pedi za nyuma huanza kwa kuiamuru mota irudi nyuma, mara nyingi kwa kifaa cha kompyuta. Napenda programu, lakini spana huuzwa kila duka la spea. Kabla hujanunua gari la kitufe, muulize fundi wako kama anacho kifaa hicho.