Kabla fundi hajasema "tufomati", sikiza hii ya Kilindini

Hapa Ukunda kompyuta ikikataa kuwaka, jibu la mafundi wengi ni moja: "Hii tufomati tu." Kama ndani mna sinema, haya, fomati. Lakini kuna kijana wa Msambweni alikuwa amerekodi wazee wakizungumza Kidigo: nyimbo za harusi, majina ya mashamba ya zamani, nani alitoka kaya gani. Wawili kati ya wazee hao washatangulia mbele ya haki. Diski imefungwa kwa nenosiri, Linux imekufa katikati ya kusasishwa, na fundi ashachomeka flashi ya kuweka mfumo mpya. Mimi hapo nasema ngoja kwanza, bwana. Turudi 1942.

Aprili mwaka huo ndege za Japani zilishambulia Colombo. Waingereza walikuwa na kikosi cha kuvunja misimbo huko, na kabla ya hapo kilikuwa Hong Kong, kisha Singapore. Kikahamishiwa kwetu, Kilindini. Unajua walikaa wapi? Allidina Visram, ile shule ya Mombasa! Yaani vuka feri pale Likoni, ingia mjini, umefika. Watu wanatafuta historia ya udukuzi Marekani na kumbe ilipita hapa, kwenye madarasa.

Kazi haikuwa rahisi. Mawimbi ya redio za Wajapani yalishika vibaya kutoka huku mbali. Ila waliendelea kuandika na kuhifadhi kila walichonasa, hata kama hakisomeki. Kati yake kulikuwa na JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Kila mtu alidhani unafanya kazi kama JN-25, ule wa jeshi la majini. Sivyo. JN-40 uligeuza maandishi kuwa tarakimu mbili mbili kwa jedwali la vikundi 100, kisha tarakimu zenyewe zikavurugwa kwa safu.

Septemba 1942 Wajapani wakateleza. Ujumbe ulitumwa, ukarudiwa na nyongeza, kwa funguo zile zile. John MacInnes na Brian Townend wakaiweka miwili kando kwa kando, na uzi ukaanza kufumuka. Kufikia Novemba walisoma kila ujumbe mpya ulipoingia. Na hapa ndipo ninapopapenda: walisoma pia zote za nyuma, zile karatasi zilizokaa miezi bila maana yoyote. Kama mtu angezitupa kwa sababu "hazifunguki", hata ufunguo usingesaidia kitu.

Sasa turudi kwenye diski ya kijana wetu. Usitarajie bahati ya Kilindini. Ufungaji wa Linux unaoitwa LUKS, uliobuniwa na Clemens Fruhwirth mwaka 2004, hauna karani wa kuteleza. Nenosiri likipotea na lilikuwa zuri, basi, pole. Lakini kijana analikumbuka! Shida ni kwamba wengi hawajui nenosiri halifungui faili moja kwa moja. Mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo, heda, na ndani yake ndimo ulimo ufunguo halisi, nao umefungwa kwa nenosiri lako. Ukiweka mfumo mpya juu yake, heda inafutwa. Utaandika nenosiri sahihi mpaka kesho na hakuna kitakachofunguka.

Linux ikishindwa kuwaka, mara nyingi heda iko salama salimini. Kilichokufa ni mfumo, si sanduku. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux nyingine, chagua kujaribu, USICHAGUE kusakinisha. Tafuta jina la sehemu iliyofungwa kwa amri ya lsblk, kisha (tuseme ni sda3):

sudo cryptsetup open /dev/sda3 siri

Weka nenosiri. Kama ni Ubuntu, huenda ukahitaji sudo vgchange -ay ndiyo sehemu za ndani zitokee. Ifungue kwa kusoma tu, nakili rekodi zote kwenye diski ya nje, ndiyo uanze habari za kurekebisha. Diski ikiwa inagonga-gonga au inatoa makosa, hiyo ni hadithi nyingine: tengeneza nakala ya diski nzima kwanza kwa ddrescue, kisha ufanyie kazi nakala.

Na kwa wale ambao kompyuta zao bado zinawaka leo: cryptsetup luksHeaderBackup inakupa nakala ya heda. Kwenye LUKS2 ni kama megabaiti 16 tu. Usiiweke kwenye diski ile ile, maana hapo umefanya nini? Ila jua kwamba mwenye nakala hiyo, diski yako na nenosiri lako la zamani anaweza kuingia hata kama ulishalibadilisha. Kwa hivyo mpe dadako aweke kabatini, si grupu la WhatsApp.