Daktari wa Lira

Nimeombwa niandike machache juu ya historia. Nimemchagua mtu ambaye hakusoma shule hii wala hakuzaliwa Afrika, lakini habari zake zilinifaa wakati nilipokuwa na uchungu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea barua ya uhamisho kwenda wilaya ya mbali. Nilikuwa na digrii yangu, nami nilikwisha zoea makao makuu. Nilimwambia mke wangu kuwa nimezikwa hai. Siku hizo ndipo niliposoma habari za Dk. Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho la kulia. Hata hivyo alisomea udaktari mjini Dublin, akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Mwaka 1941 aliingia kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, akaletwa Kenya, kisha akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha alivua magwanda, na mwaka 1946 akapangiwa kazi Lira, mji mdogo wa wilaya ya Lango, kaskazini ya Uganda.

Huko wanaume wengi walimjia na mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akamwita anayefuata. Yeye alitazama pia wagonjwa wanatoka wapi. Akaona kuwa upande mmoja wa wilaya ugonjwa ulikuwa mwingi, na upande wa pili haba. Hiyo ndiyo tabia aliyoichukua alipohamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1948.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona jambo kama hilo. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akarudi kufukua mafaili ya Mulago, akakuta watoto wengine wengi. Ilikuwa saratani, na siku zile wengi wao walikufa katika miezi michache.

Mwaka 1958 aliandika habari hizo. Kisha akatuma barua kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza swali moja: je, mmeuona uvimbe huu? Kila jibu alilitia katika ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, kupitia Tanganyika hadi Afrika ya Kusini. Waligundua kwamba ugonjwa huo ulipenda nchi zenye joto na mvua, na karibu na Ikweta ulikuwa nadra juu ya futi 5,000. Yaani ulifuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakichunguza uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda, waligundua virusi ambavyo ni vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Burkitt mwenyewe alijaribu dawa, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingoja kufa wakapona. Leo mtoto anayewahishwa hospitali na kumaliza dawa ana matumaini makubwa. Anayecheleweshwa bado tunamzika.

Lakini haki isemwe. Ramani ile haikuchorwa na mtu mmoja. Ilichorwa na waliojibu barua katika hospitali ndogo, watu ambao majina yao hayamo vitabuni, na wazazi waliokubali watoto wao wachunguzwe.

Hapo ndipo niliposhikwa na haya. Katika kituo changu kipya nilikuwa nikinakili taarifa ya mwaka uliotangulia, nabadili tarakimu mbili tatu, napeleka. Nilijiambia kuwa hakuna anayesoma. Je, kama wale wa hospitali ndogo wangefanya hivyo? Tangu siku hiyo nimehesabu kwa macho yangu kile ninachokitia sahihi.

Uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 1993, Burkitt aliwahimiza Wazungu wale vyakula visivyokobolewa, kama alivyowaona watu wa vijijini Uganda wakila. Kwa hiyo, vijana, msiyanunie makande ya bwalo.

Na siku mtakapopangiwa kazi mahali msipopajua, nendeni na daftari.